Jina la Mtunzi

Katika darasa la muziki katika mji wa Northfield, Orpha alisikia kwamba katika karne ya kumi na tisa baadhi ya wanawake wa Ulaya walitunga nyimbo zikachapishwa kwa majina ya kaka zao. Akazikumbuka nyimbo zake mwenyewe. Kaka yake Albert, kiongozi wa kwaya yao, ndiye aliyepeleka nyimbo alizotunga Orpha zikatolewe kwenye CD.

“Kaka, kwenye jalada umeandika jina la nani?”

“Utaliona, dada. Haraka ya nini?”

Hakumtazama usoni.

Kesho yake Orpha alikwenda kwa mpiga chapa, akaomba kuliona jalada. Liliandikwa: Mtunzi, Albert.

“Mtunzi ni mimi,” alisema. Akaomba kalamu, akalikata jina hilo, akaandika lake.