Mbavu za Mjomba Eliamini

Mimi Rogathe sina subira, na kila mtu hapa Mbaga anajua. Lakini siku ya kumtoa Devotha, binti yangu wa pili, nilikaa saa saba nzima mbele ya tanuri nikilinda mbavu za ng'ombe.

Katika ukoo wetu, ng'ombe wa shughuli akichinjwa, mbavu ni za mjomba wa binti. Anaushika ubavu mbele ya wakwe, anang'ata nyama, kisha anamkabidhi binti mfupa mkononi. Hiyo ndiyo ridhaa yake. Asipong'ata amekataa, na wakwe wana haki ya kuondoka.

Mjomba wa wanangu ni kaka yangu Eliamini. Miaka mitatu nyuma, kwenye shughuli ya Mary, binti yangu mkubwa, aliupokea ubavu, akautazama, akaurudisha kwenye sinia bila kusema neno. Loo! Wakwe walimchukua Mary shingo upande, na mpaka leo akivunja kikombe tu, mama mkwe anamwambia, "Si ulikuja bila ridhaa ya mjomba wewe!" Mimi na Eliamini tukanuniana. Nilimwita mchoyo, nikamwita mchawi, Mungu anisamehe.

Safari hii wakwe wa Devotha walimtuma mshenga wao, Sebastiani, mapema. "Mama," akaniambia, "mjomba akiurudisha ubavu, na sisi tunarudi zetu." Devotha alilia siku mbili. Nikajifunga kanga kiunoni, nikashuka kwa Eliamini kumtukana kwa mara ya mwisho.

Nilimkuta uani peke yake, anatwanga. Nikachungulia kinu. Makande! Makande yaliyokwisha kuiva, mahindi na maharage, anayaponda kama ya mtoto mchanga. Aliponiona alifunika mdomo kwa kiganja. Hapo nikakumbuka kwamba miaka yote ile alikuwa akizungumza nasi hivyo, nami nikidhani ni dharau.

"Kaka, umebakiza mangapi?"

"Mangapi nini?"

"Eliamini! Mimi na wewe tumenyonya titi moja."

Akatazama chini. "Hata moja. Usimwambie mtu, Rogathe. Mimi mzee wa kanisa, watoto watanicheka mpaka madhabahuni."

Nilitaka kumkumbatia na kumzaba kofi kwa pamoja. Miaka mitatu ya kununiana, kumbe ni meno! "Siri ya mtungi aijuaye kata," nikamwambia. "Wewe njoo Jumamosi. Mengine niachie mimi."

Kusema ni rahisi. Ng'ombe mwenyewe alikuwa mzee, amepanda mlima kwa miguu kutoka Ndungu. Ukimchoma, unatafuna kandambili. Ukimchemsha mpaka alainike, nyama inaachana na mfupa sufuriani, na mjomba hawezi kung'ata mfupa mtupu. Nikaona hapa ni tanuri tu, nyama ilainike polepole bila kuachia mfupa. Tanuri langu la mikate lilikuwa limekaa miaka kuku wakitaga ndani, maana unga wa ngano tulikuwa tunausikia kwa jina. Ilipokuja ruksa ya kuingiza bidhaa na malori yakaanza kushusha unga Same, ndipo nikalifagia na kuliwasha tena.

Alfajiri nilijaza kuni, zikawaka mpaka matofali yakawa meupe, nikakokota makaa yote nje. Mbavu nilizipaka chumvi, tangawizi na ndimu, nikazipanga kwenye sufuria pana juu ya vitunguu na nyanya, maji kikombe kimoja. Nikazifunika kwa majani ya mgomba, kisha mfuniko, na ukingoni nikaziba kwa unga uliokandwa. Nikaisukuma sufuria ndani, na mlango wa tanuri nikaukandika udongo.

Saa nane mchana jirani yangu Lukia akaja mbio. "Rogathe, wakwe wamefika! Fungua!"

"Thubutu! Ukigusa huo udongo, nakuingiza humo humo!"

Akacheka, akaondoka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naogopa kuliko siku niliyojifungua.

Nilipofungua, mbavu zilikuwa za kahawia, zinameta mafuta. Nikabeba sinia mwenyewe mpaka mbele ya Eliamini. Akaushika ubavu kwa mikono miwili, polepole. Nyama ikatikisika, nami nikaiona inakwenda chini. Haikuanguka. Akaubana kwa fizi, akavuta, nyama ikamfuata laini kama ndizi mbivu. Akatafuna, akatafuna, akameza. Kisha akamkabidhi Devotha mfupa. Vigelegele!

Nilidhani yameisha. Lakini Eliamini akasimama, akaachama kinywa mbele ya wakwe, wazi kabisa.

"Jamani, tazameni. Sina hata jino moja. Siku ya Mary sikukataa. Nilishindwa kung'ata, nikaona aibu kusema, na mwanangu akateseka kwa aibu yangu."

Mimi nilikuwa nalia waziwazi, sijali.

Mary alikuwa mlangoni na jagi la maji ya kunawa. Tangu shughuli yake alikuwa hajawahi kumwamkia mjomba wake. Aliweka jagi chini, akapita katikati ya wageni, akapiga goti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Eliamini akalivuta sinia, akachagua ubavu mwingine, akaung'ata mbele ya watu wote, na mfupa akamwekea Mary mkononi.