Watu Saba Waliovujisha Siri Moja

Kokuhirwa hakuwahi kutoa karatasi ya serikali nje ya geti, hata ile ya kufungia maandazi. Hilo nalisema mwanzo kabisa, maana mwaka ule Muleba yalisemwa mengi, na mengi yalikuwa uongo. Alikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali. Ofisi ipi, msiniulize. Na mimi nina siri zangu. Alikuwa ametumika miaka thelathini na moja, amebakiza miezi minane astaafu, na katika miaka yote hiyo hakuondoka na kalamu wala klipu. Alichoondoka nacho ni maneno.

Kichwa chake kilikuwa hivyo tangu utoto. Kwenye darasa la kipaimara mchungaji aliwaambia wakariri sura moja. Yeye alikariri kitabu kizima pamoja na namba za kurasa. Barua akiichapa mara moja imeingia, haitoki tena. Mumewe Rwegasira alikuwa akilalamika kwamba kuoa mwanamke wa namna ile ni kuishi na hakimu nyumbani, kwa sababu angeweza kukukumbusha ulichoahidi siku ya uchumba, na shati ulilokuwa umevaa.

Mwezi wa tatu aliletewa muhtasari wa kikao cha ndani, kurasa nne, auchape na kuugonga muhuri wa SIRI. Ulihusu boti ya wagonjwa ya kisiwa cha Goziba. Boti yenyewe ilikuwa imeshafika, mpya, injini bado ina nailoni. Kikao kilikuwa kimeamua ibaki huku nchi kavu kwa ajili ya kuwatembeza wageni wa ngazi za juu, na watu wa Goziba waambiwe kwamba injini ina hitilafu, vipuri vimeagizwa, wawe na subira.

Kokuhirwa alikuwa na mpwa wake Goziba, Celina, binti wa dada yake, muuguzi wa zahanati. Mwezi wa kwanza Celina alimpakia mama mwenye uchungu kwenye mtumbwi wa dagaa, wakasafiri saa sita ziwani, yeye amemshikia mwavuli. Mama alipona. Mtoto hakupona. Celina alipiga simu akalia mpaka salio likakatika.

Basi Kokuhirwa alichapa kurasa nne bila kosa, akagonga muhuri, akafungia kabatini, akamkabidhi mkuu wa ofisi ufunguo. Alirudi nyumbani na kurasa zote nne kichwani.

Jumamosi alimpelekea binti yake aliyepanga Kashai, mjini, mkungu wa ndizi, kama kawaida yake. Akitoka hapo alipanda bodaboda hadi Nshambya, nyumbani kwa Rwekaza.

Rwekaza huyu alikuwa mwandishi wa safu. Kila Jumatano gazeti la wiki lilipofika, watu walilifungua kwa nyuma, kwenye safu yake ya "Kutoka Kibanjani", ndipo wakarudi mbele kutazama habari. Alikuwa mwanamume wa majigambo. Alijisifia shahada yake, kahawa yake, babu yake aliyekuwa wa kwanza kijijini kumiliki baiskeli, hata bawasiri aliyowahi kuugua aliisifia kwamba ilimshangaza daktari. Lakini kuna jambo moja ambalo hakulisema kamwe, kwa mtu yeyote, akiwa amekunywa au hajanywa: nani kamwambia nini. Ndiyo maana Kokuhirwa alikwenda kwake.

Alikalishwa sebuleni, akapewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, mgeni ni mgeni hata akija na balaa. Akaweka mikono magotini, akafumba macho, akaanza kusoma kilichokuwa kichwani. Alisoma tarehe, waliohudhuria, ajenda ya kwanza, mabano fungua, mabano funga, aya mpya. Rwekaza aliandika mpaka kidole kikafanya sugu. Alipomaliza ukurasa wa nne alifumbua macho akaomba maji.

Jumatano safu ikatoka, na maazimio ya kikao yakiwa neno kwa neno. Redio zikaidaka. Goziba walipiga simu kila mahali penye namba. Siku ya tisa boti ilivuka kwenda kisiwani, ikapokelewa kwa ngoma, na ofisi ikatoa tangazo kwamba vipuri vimewasili mapema kuliko ilivyotarajiwa.

Sasa ndipo kazi ilipoanza. Mkuu wa ofisi alikuwa Bwana Bashiri, mtu wa Tanga, mpole, mwenye miezi minne tu tangu ahamishiwe kwetu. Kutoka juu aliagizwa mwezi usiishe kabla hajampata mvujishaji. Alikusanya wote waliougusa muhtasari ule, akawaambia kwa upole kwamba huyo mtu atapoteza kazi na mafao yake yote. Kokuhirwa alipiga hesabu yake. Miaka thelathini na moja! Alikuwa ameshachagua mpaka rangi ya bati la nyumba watakayomalizia.

Wataalamu walikuja, wakapekua simu za kila mmoja na kumbukumbu za mashine ya fotokopi. Hawakupata kitu, maana hakuna mtambo unaopekua kichwa cha Mlutheri. Rwekaza naye aliitwa kwa mahojiano. Alikaa saa tatu akazungumza saa tatu: shahada, kahawa, baiskeli ya babu, bawasiri. Waliomhoji walitoka wanajua ukoo wake wote na hawajui jina moja walilolitaka. Kokuhirwa alipopata habari hizo alipiga goti jikoni akashukuru.

Bwana Bashiri akaamua kusubiri hofu ifanye kazi yake. Alifikiri kwamba mwenye hatia atajificha, na anayejificha sana ataonekana. Pengine Tanga ndivyo ilivyo. Ila mimi ni wa hapa hapa, kwa hiyo naruhusiwa kusema: Mhaya unaweza kumnyima chakula akavumilia, unaweza kumnyima usingizi akavumilia, lakini jambo jema lifanyike wilayani naye asiwe na mkono wake, hilo hapana.

Aliyeanza ni Kahangwa, afisa usafirishaji. Kwenye harusi moja alisimama kutoa nasaha, akasema wapo watu walioifanyia Goziba makubwa, lakini tusitajane, wakubwa wana masikio. Halafu akarekebisha tai yake polepole, ukumbi mzima ukaelewa. Wiki haikwisha, Derick, dereva aliyepeleka bahasha ya kikao, akawa anawaambia abiria wake kwamba bahasha ikikaa na dereva saa mbili njiani, mengine jaza mwenyewe. Gaudiosa wa uhasibu hakusema kitu. Alishona kitenge kipya, akawa anatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu mwenye mzigo. Edvina, aliyekuwa akiwapikia chai, alidai kwamba siri ilitoka ndani ya chupa ya chai, na kwa maandazi zaidi angeeleza. Mlinzi wa geti naye. Hata mzee mmoja aliyestaafu mwaka uliotangulia alijitokeza, akasema alikuwa ameyaona hayo tangu zamani na kuacha maelekezo.

Bwana Bashiri aliwaita mmoja mmoja. Hakuna aliyekiri, hakuna aliyekana. Wote walitabasamu wakasema siku moja historia itaeleza. Alikuwa anatafuta mvujishaji mmoja, sasa anao sita, na kila mmoja amevujisha kwa njia yake.

Kokuhirwa alipaswa kufurahi. Walikuwa wamemjengea ua bila kujua. Lakini naomba mumwelewe, naye ni wa hapa hapa. Jioni Rwegasira alikuwa akitoka kwa wenzake anamsifu Kahangwa. Yule ndiye mwanamume, anasema, yule amejitoa mhanga. Kokuhirwa alipakua ndizi, na siku hiyo samaki wa Rwegasira alikuwa mkia mtupu. Hofu alikuwa ameizoea. Kunyamaza ndiko kulikomla.

Jumapili Celina akapiga simu, sauti inacheka na kulia pamoja. Boti ilikuwa imemvusha mama wa kwanza. Saa moja na nusu tu ziwani. Mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu, analia kama spika ya mkutano. Kokuhirwa alitoa machozi ya kweli akamshukuru Mungu. Kisha akauliza mtoto anaitwaje.

"Kahangwa," akasema Celina. "Si unajua ndiye aliyetuokoa, Ma."

Kokuhirwa alisema jina ni zuri. Akakata simu, akaingia kibanjani nyuma ya nyumba, akasimama katikati ya migomba, akalia tena. Safari hii yalikuwa machozi ya hasira.

Jumatatu asubuhi Bwana Bashiri alimwita. Alikuwa amemwacha wa mwisho, kwa kuwa ndiye aliyeonekana hana haja ya kuulizwa. Alimkaribisha kiti, akamwambia kwamba samahani, ni utaratibu tu, anajaza fomu. Macho yalikuwa yamechoka.

"Mama Kokuhirwa, wewe ndiye uliyetoa siri ya boti?"

Kulikuwa na majibu mengi ya salama, na alikuwa ameyakariri yote. Lakini masikioni mwake kulikuwa na kitoto cha kilo tatu na nusu kinachoitwa Kahangwa.

"Ni mimi," akasema.

Bwana Bashiri alimtazama. Kisha akaweka kalamu chini, akaegemea kiti, akacheka. Alicheka kicheko cha mtu ambaye hajacheka mwezi mzima, mpaka akatoa leso.

"Mama, hata wewe? Nilidhani umebaki wewe tu mwenye akili timamu. Haya, ulitoaje? Maana mwenzio alitumia chupa ya chai."

"Kwa kichwa. Nilikariri."

"Kurasa nne?"

"Nne."

Akacheka upya. Kokuhirwa akafungua kinywa. Neno la kwanza la muhtasari lilikuwa tayari kwenye ulimi, na nyuma yake yamejipanga mengine yote, tarehe, waliohudhuria, mabano. Angelitamka tu, kicheko kile kingekatika, na Muleba nzima ingejua kabla ya kesho asubuhi. Angepoteza bati, lakini wangejua.

Hapo akamkumbuka Rwekaza. Mtu asiyeweza kunyamaza hata kuhusu bawasiri yake alikuwa amekaa saa tatu mbele ya watu wakali, akamwaga kila kilichokuwa tumboni mwake ili jina moja lisidondoke. Jina lenyewe lilikuwa lake, Kokuhirwa. Haki gani alikuwa nayo ya kulidondosha yeye mwenyewe, tena kwa sababu ya wivu?

Akafunga kinywa.

"Unanitania, mama," alisema Bwana Bashiri akifuta macho.

"Mkuu umeshasema," akajibu Kokuhirwa, akainuka. Alitoka haraka kuliko alivyoingia, na hakujua kama ni kwa kuokoka au kwa kudharauliwa. Mimi nafikiri ni vyote viwili.

Siku mbili baadaye Bwana Bashiri aliandika taarifa yake kwa mkono, na kwa kuwa ilikuwa ya siri, akampa mtu anayemwamini aichape. Kokuhirwa aliichapa. Ilisema kwamba watumishi saba, mmoja wao mstaafu, wamedai au wameashiria kuhusika, jambo ambalo kitaalamu haliwezekani. Ilisema kwamba majigambo ni desturi ya eneo hilo na mgeni hapaswi kuyachukulia kama ushahidi. Katika ukurasa wa pili lilikuwemo jina lake: karani wa masijala, mtumishi mwaminifu, hahusiki kabisa, naye amejisifu kama wenzake tu. Mwisho ikapendekeza suala lifungwe. Alichapa bila kosa, akagonga muhuri wa SIRI, akafungia kabatini.

Jumamosi alipita Kashai na mkungu wake, akapanda bodaboda mpaka Nshambya. Rwekaza alimkaribisha, akaleta kikapu cha kahawa, akachukua daftari. Kokuhirwa akaweka mikono magotini, akafumba macho, akasoma taarifa nzima, na pale penye jina lake sauti ilikwaruza kidogo, lakini alipita. Alipofumbua macho, Rwekaza alikuwa amelala kwenye mkono wa kiti, mabega yanamcheza kwa kicheko. Ukurasa wa daftari ulikuwa mweupe.

"Waitu, mama yangu, hii ndiyo safu bora ambayo sitaiandika maishani," alisema alipoweza. "Taarifa imeonwa na watu wawili tu, wewe na mkuu wako. Nikiigusa, nimekutaja."

"Najua, Ta Rwekaza. Sikuja uiandike."

"Umekuja kwa nini basi?"

Kokuhirwa aliangalia kikapu. Hakuwa mtu wa kuomba, na hili lilikuwa gumu kuliko kurasa nne.

"Kuna mtoto Goziba anaitwa Kahangwa," alisema.

Rwekaza akaacha kucheka. Alielewa, maana kuhusu ugonjwa ule wa kutaka sifa alikuwa mtaalamu. Akafunga daftari, akasimama wima pale sebuleni, akafunga kifungo cha juu cha shati kama anayetaka kuhutubia bunge.

"Aliyeipeleka boti Goziba," alisema kwa sauti ya taratibu, "ni Kokuhirwa."

Sebuleni hamkuwa na mtu mwingine wa kusikia. Kokuhirwa alichukua punje mbili za kahawa, akatia moja mdomoni, akaitafuna bila haraka.

"Rudia," alisema, "na jina la baba yangu ulitaje."