Mchicha wa Wageni

Mwalimu Medina wa shule ya Lurujo, huko Koboko nchini Uganda, aliipenda mno bustani ya shule yake, na kupenda huko ndiko kulikomponza. Ilikuwa na matuta sita ya mchicha, ambao wenyeji huuita dodo: matatu yenye samadi, matatu bila. Kila asubuhi watoto wa darasa la tano walipima kwa rula na kuandika. Hivyo ndivyo walivyojifunza sayansi. Walijifunza pia kwamba mchicha huongeza damu, na kwamba ukiukata vizuri, huchipua tena.

Basi Jumatatu moja, Kiden, mwanafunzi wa darasa hilo na binti wa wakimbizi wa Sudan Kusini, akaja kuomba majani kidogo. Mdogo wake Laku, wa miaka mitatu, alikuwa ameishiwa damu, na nesi alisema alishwe mboga za majani. Medina akamwambia asubiri. Ijumaa wageni wa mradi wa bustani wangekuja kutoka Arua, na tuta likikatwa vipimo vingeharibika. Aibu gani hiyo mbele ya wageni!

"Lakini mwalimu, ulisema ikikatwa inaota tena," Kiden alisema.

"Ijumaa jioni utachukua kapu zima."

Siku nne tu, jamani! Nani angeona siku nne ni kitu? Sokoni Koboko mchicha umejaa tele, na Medina aliupita kila jioni. Hakufikiri hata kununua fungu moja. Kiden naye, mtoto mtiifu, hakuiba hata jani, ingawa ufunguo wa bustani alishika yeye. Wengine tungeiba.

Wageni walifika Ijumaa saa nane, wakapiga picha, wakasifu, wakaondoka. Kiden hakuwepo kusoma vipimo vyake. Laku alikuwa amezikwa asubuhi hiyo.

Habari ilipomfikia, Medina akafyeka matuta yote, akaenda matangani na kapu kichwani. Nesi alikuwepo, akamwambia kwa upole kwamba ugonjwa ulikuwa mzito, mboga peke yake isingemponya. Pengine ni kweli. Medina alilia vilevile, maana Jumatatu aliposema hapana, hilo hakulijua.

Kiden akapiga goti kumwamkia, akampokea kapu. Akamuuliza kwa sauti ya chini, bila chuki yoyote:

"Sasa iko ruhusa, mwalimu?"

Medina akaitikia kwa kichwa. Mtoto akaketi chini, akaanza kuwachambulia waombolezaji mboga.