Losheni ya Mama Mkwe

Mama mkwe alikuwa ameshanipaka losheni ya jua shingoni na kwenye sikio moja nilipoudaka mkono wake, nikausukuma kando.

"Mama, hukusikia habari jana? Dawa zilizomo humu zinapenya ngozi, zinaingia kwenye damu. Hata kwenye maziwa ya wanaonyonyesha zimeonekana. Unataka mjukuu wako anywe sumu?"

Wanawake waliokuwa waking'oa vitunguu saumu pamoja nasi waliinua vichwa. Mmoja akamcheka mama mkwe. "Bun-im, leo umepatikana! Mkamwana msomi huyo!"

Mama mkwe hakucheka. Alijifuta mikono kwenye suruali, polepole, kama mtu aliyeambiwa ananuka, akainama tena kwenye tuta lake.

Nilikuwa mzazi mpya, na hofu ya mzazi mpya haina adabu. Mwanangu Harin alikuwa hajaota hata jino. Ile habari niliisikia nusu. Nusu ya pili, kwamba kuonekana kwenye damu si lazima kuwe na madhara, na kwamba wataalamu walikuwa bado wanachunguza, sikuisubiri.

Wala sikujua kwamba tangu siku ile na yeye aliacha kujipaka. Jua la kisiwa chetu cha Jeju, likisaidiwa na upepo wa chumvi, lilimkaanga msimu baada ya msimu. Siku moja nilimuuliza mbona uso umeungua hivyo.

"Harin hunilamba mashavu," alisema. "Sitaki alambe sumu."

Alisema bila kijembe. Nami, Mungu anisamehe, niliona fahari: nimemfundisha.

Harin alipoanza shule, shavuni mwa bibi yake kulikuwa na kidonda kisichopona.

Daktari alikikata, kisha akaniita pembeni: ilikuwa saratani ya ngozi. Nikamsimulia habari ya losheni. "Losheni za aina ile bado tunazichunguza," alisema. "Lakini jua tunalijua. Kama mlikuwa na wasiwasi, zipo za zinki, zinazobaki juu ya ngozi."

Nikamuuliza kama ugonjwa ulitokana na ile misimu aliyoacha kujipaka.

"Huyu kaishi shambani tangu utotoni. Nani atajua ni jua la mwaka gani?"

Jibu hilo lilipaswa kunitua mzigo. Badala yake nilibaki nao, na sasa hapakuwa na wa kuniambia una uzito gani.

Wodini nilipiga magoti kando ya kitanda. "Mama, ni mimi niliyekuponza."

"Kwani wewe ndiye jua?" Bandeji ilikuwa imempinda mdomo. "Acha ujinga, Mama Harin. Kofia nilikuwa nayo, ikanichemsha kichwa, nikaivua mwenyewe. Hebu nilishe, mchuzi unapoa."

Nikamlisha ule mchuzi wa mwani, kijiko kwa kijiko, kwa upande mmoja wa mdomo uliokubali kufunguka. Mchuzi mwingine ulimtiririka kidevuni, nikaufuta. Alitaka kucheka, nyuzi zikamvuta, akafumba macho kwa maumivu.

"Usinichekeshe," akasema.

Sikuwa nimesema neno.