Shimo la Vifuu Mwaka Ukigeuka

Kusumawathi aliwasha shimo la vifuu vya nazi alfajiri, akijua kwamba saa nane mchana kila moto kijijini utazimwa. Wanajimu walikwisha kutangaza: kuanzia saa hiyo mwaka wa zamani umetoka na mpya haujaingia, na hapo katikati hakuna anayepika wala kushika kazi. Alikisia vifuu vitaiva kuwa mkaa mapema. Hakujua kwamba mvua ya usiku ilivilowesha.

Saa saba ikamkuta bado anatazama moshi mweupe, mzito. Moshi huo ni maji tu. Ukigeuka manjano, kifuu kimeanza kuungua. Ukiwa mwembamba wa bluu, kimeiva, ndipo unafunika bati na kuziba kwa tope. Mwezi uliopita aliziba joto likiwa dogo bado, mkaa ukatoka na moyo wa kahawia. Wijeratne, mkaguzi wa kiwanda kinachonunua mkaa huo, alimwambia waziwazi kwamba ukitoka hivyo tena, vifuu vya kijiji vitapelekwa kwa mchomaji mwingine. Na tangu mumewe afariki, shimo lile ndilo lililolisha nyumba.

Akachomoa tofali moja la chini, upepo uingie. Moto ukanguruma. Hapo napo pana hatari yake, maana joto likipita kiasi, kifuu hakiwi mkaa tena, ni majivu. Akachuchumaa na tofali mkononi, macho hayabanduki. Moshi ukaingia umanjano.

Fataki zikalia hekaluni. Saa nane.

Mama mkwe wake, Podimenike, alikuwa keshazima jiko la ndani. Akatoka na ndoo ya maji.

"Mkazamwana, ziba."

"Bado, mama. Moshi haujageuka."

"Mwaka mzima umegeuka, wewe wangoja moshi? Majirani wanatutazama."

"Watazame. Nikiharibu mkaa huu, tutakula macho yao?"

Mama mkwe akainua ndoo. Kusumawathi akasimama kati yake na shimo. Miaka kumi na miwili katika nyumba ile hajawahi kumzuia njia.

"Jiko ni lako, mama, umelizima," akasema polepole. "Huu moto niachie mimi."

Podimenike akaitua ndoo, akaingia ndani. Nusu saa nzima Kusumawathi alibaki peke yake na ule moto mmoja, jasho likimtoka, hata moshi ukawa mwembamba, ukawa bluu. Akarudisha tofali, akafunika bati, akakandika tope mpaka pasipumue popote.

Saa njema waliyoitaja wanajimu ilipofika, mama mkwe aliwasha jiko, akapika wali wa maziwa, akamlisha Kusumawathi tonge kama ilivyo desturi ya mwaka mpya. Lakini hakumtazama usoni.

Siku ya tatu Wijeratne akaja, wakafunua. Upande ule alikochomoa tofali palikuwa na majivu matupu. Akachukua kipande cha katikati, akakigonga kwenye jiwe. Kikalia kama chuma. Akakivunja: kimeiva hata moyoni, cheusi, kinang'aa. Akavunja vitano, vyote vilevile. Akamwambia ajaze magunia, na vifuu vya mwezi ujao vitaletwa kwake.

Podimenike alikuwa amesimama nyuma yao. Akainama, akapitisha kidole kwenye majivu.

"Hapa joto lilizidi. Umepoteza gunia zima."

"Ndiyo, mama."

"Mwakani utawasha siku mbili kabla, unasikia?"

Kisha akaketi chini, akavuta gunia karibu, akaanza kuchagua mkaa.