Shemeji Aliyepigwa na Radi

Tangu avunjike uti wa mgongo, Maximilian alikuwa amewagawa watu wa kijiji chake cha Tlawi makundi mawili: wajinga, na wale wanaomwonea huruma. Hakujua ni kundi lipi lililomchefua zaidi.

Miaka kumi na moja alikuwa kwenye kikosi cha uokoaji machimboni. Alishuka kwenye mashimo ambayo wenzake walikuwa wakiyakimbia, akatoa watu, na watatu kati yao aliwarudishia pumzi kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akaja nyumbani likizo, akapanda bodaboda kwenda dukani kununua sukari, pikipiki ikateleza kwenye tope. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakuhisi kitu tena. Sukari kilo moja! Angalau angeangukiwa na mwamba, alikuwa akiwaza, angekuwa na la kusimulia.

Mwaka wa pili ulikuwa unakatika, na binti yao Oliva alikuwa mbali, shule ya bweni. Asubuhi mke wake Juliana alimwosha, akamvalisha, akamkalisha kwenye kitimwendo mlangoni, kisha akaenda shambani. Jioni alirudi, akakamua ng'ombe, akapika, akamgeuza kitandani ili asipate vidonda. Hakulalamika hata siku moja, na Maximilian alimdharau kwa hilo pia. Mtu mwenye akili timamu, aliwaza, angekuwa ameshaondoka.

Jumamosi moja ya masika alikuja Sylvester, kaka yake Juliana, mtu wa tumbo kubwa na maneno mengi. Alikunywa vikombe vitatu vya chai, akajipangusa mdomo, akaanza.

"Shemeji, mbona unajiachia hivi? Kuna jamaa kule Dongobesh hana miguu kabisa. Anashona viatu, anacheka kutwa. Ana furaha kuliko mimi!"

"Mpelekee salamu," alisema Maximilian.

"Ni akili tu, shemeji. Ukiamua kuwa na furaha, unakuwa nayo."

Maximilian aliitazama ile mikono minene, isiyojua jembe wala chepe, akaona haifai kujibiwa. Wingu lilikuwa limetanda juu ya mlima. Juliana akamwambia kaka yake angoje mvua ipite. Sylvester akacheka, akasema yeye si chumvi, akatoka na koti kichwani.

Hakufika mbali. Alisimama chini ya mkaratusi ulio karibu na lango, labda kufunga kamba ya kiatu, na hapo radi ikapiga. Mwanga ulikuwa mweupe, na mlio ukaja papo hapo. Maximilian alipofumbua macho aliona gome la mti limechanika kutoka juu hadi chini, na Sylvester amelala chali kwenye majani.

Hakufikiri. Alisukuma magurudumu kwa nguvu, lakini baada ya hatua chache kiti kikazama kwenye tope. Akajitupa chini, akatambaa kwa viwiko huku miguu yake ikiburutwa nyuma kama mzigo wa mtu mwingine. Alipomfikia Sylvester, aliweka shavu karibu na pua yake. Hakuna pumzi. Akaweka vidole shingoni. Hakuna kitu.

Akajaribu kumkandamiza kifua. Hapo ndipo alipojua ukweli wote wa mwili wake. Kazi ile inataka mtu apige magoti, mabega yawe juu ya mikono, uzito wote ushuke. Yeye hakuwa na magoti ya kupiga. Alilalia ubavu, mkono mmoja ukimshikilia asianguke, mwingine ukisukuma, na kifua cha Sylvester kikabonyea kidogo tu, kama godoro linalobonyezwa na mtoto. Alijua kabisa kwamba ni kazi bure. Akaanguka uso kwenye tope. Katika maisha yake hakuwahi kumdharau mtu kama alivyojidharau wakati ule.

"Juliana!" alipiga kelele. "Juliana, njoo hapa!"

Alikuwa ameshafika. Nyuma yake alikuja jirani, Mzee Margwe, pamoja na mkwe wake Zita.

"Msimguse!" alisema Mzee Margwe. "Huyo ni wa radi. Kwanza aitwe mganga wa kusafisha mahali."

"Nyamaza, mzee!" alisema Maximilian, bila shikamoo, bila chochote. "Radi imeshapita. Haikai ndani ya mtu. Zita, mpigie paroko alete pikapu. Juliana, piga magoti."

Zita akatoa simu. Juliana akapiga magoti.

"Weka kiganja katikati ya kifua. Hapo. Kingine juu yake. Nyoosha mikono, usikunje viwiko. Sukuma kwa mgongo. Kwa nguvu zaidi! Huyu si unga wa maandazi."

"Nitamvunja!"

"Mvunje! Mbavu zinaunga. Moja, mbili, tatu, nne... Acha kifua kinyanyuke, kisha shuka tena. Haraka zaidi."

Hesabu ilipofika thelathini, Maximilian alijivuta hadi kichwani, akainua kidevu cha Sylvester, akambana pua, akapuliza pumzi mbili. Hilo aliliweza akiwa amelala. Kifua kikapanda, kikashuka. "Tena," akasema, na Juliana akaanza tena. Baada ya mizunguko mitano akaona mikono ya mke wake imeanza kulegea, akamwita Zita apokee. Kisha Juliana tena. Mvua iliwanyeshea wote. Mzee Margwe alisimama pembeni akinung'unika, hata mwisho akavua koti lake akalishika juu ya uso wa Sylvester ili maji yasimwingie mdomoni.

Hakuna aliyejua zilipita dakika ngapi. Zita ndiye aliyekuwa akikandamiza kifua wakati Sylvester alipovuta pumzi moja mbaya, yenye mkoromo, akatapika chai yote.

Pikapu ya paroko ilimpeleka hospitali, akalazwa siku tisa. Aliporudi, aliwaambia watu kwamba damu ya ukoo wao ni nzito, hata radi haiiwezi. Alilalamika pia kwamba dada yake alimvunja mbavu mbili. Kwa Maximilian hakuja, wala hakutuma asante.

Majirani walikuja. Walimpa jina la daktari, wakamletea mbuzi jike. Maximilian aliwatazama wakitabasamu, akaona hawaelewi chochote: mtu pekee aliyeshindwa kazi siku ile alikuwa yeye. Walipoondoka alimwambia Juliana amlaze. Akageukia ukutani. Siku nne hakutaka kukalishwa kwenye kiti.

Siku ya tano Juliana aliweka sufuria chini kwa kishindo.

"Baba Oliva, nisikilize. Unamcheka Sylvester. Unamcheka Mzee Margwe. Unadhani sijui kwamba mimi pia unanicheka?"

Juliana akafuta mikono kwenye kanga yake.

"Siku ile ulinifokea na sikujali, kwa sababu ulikuwa mtu. Ulikuwa umelala kwenye tope na ulikuwa mume wangu. Sasa hivi sijui ni nani huyu ninayemgeuza. Nimechoka naye. Simpendi, na simwogopi." Alimtazama kama mtu anavyotazama nguo iliyooza kwenye kamba. "Jumatatu kuna daktari wa akili pale hospitali. Ukikataa, nitakwenda peke yangu, maana mimi pia silali."

Hilo hakulitegemea. Alikuwa amezoea kuwadharau watu. Hakuwa amezoea kudharauliwa na mtu mwenye haki.

Jumatatu walikwenda. Daktari alikuwa kijana mwenye shati lisilopigwa pasi, na Maximilian akajiandaa kumdharau. Lakini yule kijana hakumsimulia habari za mtu yeyote asiye na miguu. Aliuliza kuhusu mgongo, vidonda, mkojo, maumivu. Kisha, kwa sauti ileile, akauliza kama kuna siku anatamani asiamke.

"Zipo," alisema Maximilian.

"Nyingi?"

"Karibu zote."

Daktari akaandika. Akasema hiyo ni sonona, ugonjwa unaowapata wengi walioumia kama yeye, kwamba una dawa na una mazungumzo, kwamba haviponyi kwa wiki moja, na kwamba mke wake ataonwa pia. Maximilian alitafuta kitu cha kukejeli ndani ya maneno hayo, akakosa. Alijikuta analia, kwa sauti mbaya, na hakuficha uso.

Alipojisukuma hadi nje, Juliana alikuwa amesinzia kwenye benchi, kichwa ukutani, mdomo wazi. Gari la kurudi Tlawi lilikuwa linapiga honi. Maximilian akalipungia mkono liende, akasogeza kiti chake upande jua lilikotoka ili kivuli chake kimwangukie mkewe usoni, akangoja.