Ini la Leo Alfajiri

Muuza nyama yule watu walimwita Leo Alfajiri, na jina alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe. Ukimuuliza, "Nyama hii ya lini?" jibu lake lilikuwa lile lile: "Leo alfajiri!" Uulize asubuhi, uulize jua likizama, ng'ombe wake wote walichinjwa leo alfajiri.

Sasa huyo ndiye mjomba wa binti wa maabara. Alimlea, akamsomesha, na binti hakuwahi kumwinulia hata ukope.

Binti alifanya kazi hospitali, mlango wa pili kutoka mochwari. Kazi yake ilikuwa swali moja: marehemu huyu alikufa lini? Maana mtu akiwekwa kwenye jokofu, leo na kesho kwa macho ni yule yule, na huku nje ndugu wanataka jibu, polisi nao wanataka jibu. Ndipo ikaletwa mashine ya infraredi. Unachukua kipande cha ini, kidogo kuliko ukucha, unakikausha kwa feni ili maji yasimeze mwanga, unakibana kwenye kioo chake. Mashine inakimulika kwa mwanga usioonekana, na kwenye kompyuta unajichora mstari wa vilima na mabonde. Nyama ikizidi kukaa, kilima hiki kinanywea, kile kinanyanyuka. Miezi mizima binti aliifundisha kwa maini ya ng'ombe yaliyolala baridini, hili la jana, hili la juzi, kama unavyomfundisha mtoto kuhesabu.

Lakini mashine ilikuwa ya kujaribiwa tu. Mkuu wa maabara, mzee mwenye tai fupi na subira fupi zaidi, alisema, "Nitaipima mimi mwenyewe. Ikikosea, inarudi kwa wenyewe." Na boksi la mashine akaliweka pale mlangoni, limeachama.

Akaagiza ini kwa Leo Alfajiri, maana ndiko alikonunua nyama yake kila Ijumaa. Mjomba akalileta mwenyewe, koti jeupe limenyooshwa pasi kama bwana harusi. Akamnong'oneza Mkuu sikioni siku ya kuchinja, binti asisikie. Mkuu akalinusa ini, akaridhika.

Binti akakata, akakausha, akabana. Mstari ukajichora. Akautazama, akautazama tena.

"Haya, la lini?" Mkuu akauliza.

"La juzi, Mkuu."

"Juzi! Aliyechinja kaniambia leo alfajiri."

Binti akaomba arudie kwa kipande kingine. Juzi ile ile.

"Basi, mwanangu, usijitese. Lete gundi tufunge boksi."

Mjomba alikuwa anatazama dari kama mtu anayetafuta buibui.

Binti akasimama na kisu mkononi. Akinyamaza, mashine inaondoka, na wale ndugu mlangoni wanarudi kwenye kubahatisha. Akisema, anamvua nguo aliyemvisha, tena mbele ya mteja wake mkubwa. Huku moto, huku maji.

"Mkuu, mashine haijakosea," akasema. "Na mjomba wangu si mwongo."

"Ala! Sasa kakosea nani, ng'ombe?"

"Ulimi, Mkuu. Neno ukilizoea sana, linatoka kabla hujaliita." Akamgeukia mzee wake, akainamisha kichwa. "Mjomba, shikamoo."

Walikuwa wameshaamkiana tangu asubuhi. Hii shikamoo ya pili ilimpata mjomba pabaya.

"Mara..." Marahaba ikakwama. Akajikuna kisogo. "Mpwa wangu, kwani hii mashine ina maana sana?"

"Wale waliokaa kwenye benchi hapo nje, mjomba, ndiyo wanayoingojea."

Mjomba alikuwa amewapita wakati anaingia. Mmoja alikuwa mama mwenye leso mdomoni. Mjomba akavua kofia.

"Mkuu, la leo alfajiri liliisha kabla hujapiga simu. Nikasema, Mkuu akose ini kwangu? Nikatoa la kwenye friji. Ni la juzi. Na nilitaka kusema juzi, wallahi, mdomo ukanitangulia!"

Mkuu akamkazia macho. "Na nyama ninayokula kila Ijumaa?"

"Aa, Mkuu, leo tumekuja kupima moja tu!"

Mkuu alitaka kukasirika, kicheko kikamuwahi. Akalisukuma boksi kwa mguu hadi uvunguni mwa meza. "Mwite yule mama aingie," akamwambia binti. "Tuanze na marehemu wake."

Ijumaa iliyofuata Mkuu alichungulia maabara, kifurushi cha ini kwapani, akikohoa kikohozi cha uongo.

"Binti, una nafasi kidogo?"

Akapimiwa. "La leo alfajiri, Mkuu."

"Hata mimi nilijua," akasema, akaondoka mbio kabla sifa haijapoa.

Na kule buchani, ukiuliza nyama ya lini, mjomba siku hizi anameza mate kwanza, anafikiri, ndipo anajibu. Ukiguna, anakufungia kipande kwenye karatasi. "Huamini? Mpwa wangu yuko kazini. Kampelekee!"